BARAZANI KWA KARANI: Samaki Aliyelishwa Ugali

Wasomaji wapenzi, juma lililopita niliwaahidi habari za kuku na ugonjwa wa mdondo. Kuku watangoja kidogo. Juma hili nina habari za samaki mmoja, wala si sato wala sangara, bali samaki mdogo mwekundu wa kufugwa ndani ya chupa ya kioo, ambaye hakuna mtu atakayemla. Najua baadhi yenu mtacheka. Hata mimi nilicheka mwanzoni. Huku kwetu karibu na ziwa samaki ana mahali pake panapojulikana, napo ni chunguni. Lakini haya yaliyonipata yamenifundisha mambo ambayo chuoni sikufundishwa, na pengine wewe nawe unaye mtoto nyumbani mwenye kiumbe chake kidogo alichokuachia ukitunze.

Ilikuwa Jumatano, mwishoni mwa Aprili, mvua inanyesha tangu alfajiri. Nilikuwa ofisini kwangu naandika vyeti vya ubatizo, mara mlango ukasukumwa akaingia bibi mmoja wa kigango cha jirani, amelowa chapachapa, amekumbatia kitu kilichofunikwa kwa kanga. Nikadhani ni mtoto mchanga. Nikainuka upesi nimpe kiti.

"Mwalimu," akasema (watu hapa huniita Mwalimu kwa kuwa nilisoma chuo cha ualimu, ingawa darasani sikukaa sana, nami sikatai), "Mwalimu, mwanangu, nisaidie. Mjukuu wangu akirudi ataniona mimi mchawi."

Akafunua kanga. Ndani yake mlikuwa na chupa ya kioo ya duara, ya lita nne hivi, yenye mdomo mwembamba. Maji yake yalikuwa ya kijani kama uji wa mlenda, na harufu yake ilikuwa ya ugali uliolala siku tano. Sikuona samaki. Kisha pale juu kabisa nikaona mdomo mdogo unafunguka na kufumba, unafunguka na kufumba, kama mtu anayetaka kusema neno. Ndipo nikamwona mwenyewe: urefu wa kidole cha kati, mapezi ameyabana mbavuni, mkia umelika pembezoni, na juu ya kovu la mkia ule kuna kitu cheupe kama pamba. Rangi yake, niliambiwa, ilikuwa ya chungwa lililoiva, na kwa sababu hiyo aliitwa Chungwa. Siku ile alikuwa na rangi ya chungwa lililosahauliwa juani.

Bibi akanieleza. Mwanawe alikuwa fundi wa magari Mwanza. Alimnunulia mtoto wake samaki huyo, wakawa wakimtunza wote wawili kila jioni baada ya kazi. Mwaka jana fundi yule akafariki. Kijana akaletwa kijijini kwa bibi yake kwa basi, mwendo wa saa tatu, na njia nzima alimpakata samaki magotini ndani ya ndoo yenye mfuniko. Januari akaenda kuanza kidato cha kwanza katika shule ya bweni, akamwachia bibi samaki wake. Akarudi atakapofunga shule mwezi wa Juni.

"Nami sikumnyima chakula," akasema bibi, machozi yanamlenga. "Kila nilipokula mimi, naye nilimpa. Ugali asubuhi, ugali jioni. Alipokataa nilimwongezea, nikasema labda ni ule wa jana haupendi. Mwenyezi Mungu ni shahidi."

Nikamwuliza kama alibadilisha maji. Akasema hapana, aliongeza tu yalipopungua, maana kisima ni mbali na magoti yake hayana nguvu. Kisha akasogea karibu, akanena kwa sauti ndogo: "Ukienda mjini kupeleka hesabu za parokia, si utaninunulia mwingine anayefanana naye? Mtoto hatajua."

Msomaji mpenzi, nitakuambia kweli. Shauri lile lilinipendeza. Samaki wa namna ile si wa bei kubwa, nami nilikuwa na safari ya mjini mwezi wa Mei. Lakini nikamfikiria yule kijana ndani ya basi, saa tatu nzima na ndoo magotini, akichungulia kila lilipotikisika. Je, mtoto huyo hatamjua samaki wake? Nikamwambia bibi, "Mama, niachie kwanza. Tutazungumza hayo kama atakufa." Akaenda zake mvuani bila kufurahi.

Sasa sikilizeni upumbavu wangu. Mara tu bibi alipotoka nikaona, maji haya ni machafu, dawa yake ni maji safi. Nikamwaga nusu ya maji ya chupa, nikajaza kutoka bomba la tanki letu la parokia, maji maangavu kabisa, nikajipongeza, nikarudi kwenye vyeti vyangu. Hata robo saa haikwisha, nikasikia maji yanarukaruka. Samaki alikuwa anajipiga ukutani mwa chupa, kisha akalala ubavu, shavu moja juu.

Nikampigia simu rafiki yangu tuliyesoma naye chuoni, ambaye leo ni mwalimu wa bayolojia. Alipokwisha kucheka aliniuliza maswali mawili. Maji ya tanki yametiwa dawa? Ndiyo, tulitia dawa ya kuua vijidudu tangu mvua zianze, kwa ajili ya kunywa. Umebadilisha kiasi gani? Nusu. "Basi," akasema, "umemfanyia mabaya mawili kwa saa moja. Tafuta maji ya kisima sasa hivi, tutaongea baadaye."

Nikamtuma kijana wa jikoni na baiskeli. Maji ya kisima yalipofika yalikuwa ya baridi kuliko ya chupani. Rafiki yangu alikwisha kunionya juu ya hilo, kwa hiyo nikachanganya kidogo na maji ya moto kutoka birika, kutoka kisima hicho hicho, hata mkono wangu ukitumbukizwa huku na huku usihisi tofauti. Nikajaza beseni pana la lita 20, nikamimina maji kutoka jagi moja kwenda jingine mara nyingi ili yashike hewa. Kisha nikamhamisha Chungwa pamoja na maji machache tu ya chupani, kama bakuli moja, polepole, kwa muda wa nusu saa. Usiku ule alilala ubavu chini ya beseni. Nilikwenda kumwangalia na tochi mara tatu. Mke wangu aliniuliza kama nina akili timamu.

Maelezo ya rafiki yangu nitawapa kwa ufupi, maana ndiyo kiini cha habari. Mnaijua harufu ile inayochoma macho ukifungua banda la kuku lisilosafishwa? Ile ni hewa iitwayo amonia. Samaki naye huitoa, sehemu kubwa kwa njia ya mashavu yake anapopumua, na chakula kinachooza majini huitoa pia. Samaki wa ziwani haimdhuru, kwa kuwa ziwa ni kubwa. Samaki wa chupa ya lita nne anaishi ndani ya choo chake mwenyewe. Amonia humchoma mashavu yale ya kupumulia, ndiyo maana huja juu kutafuta hewa; na ngozi na mapezi yakikwisha kudhoofika, kuvu humwota. Ile pamba nyeupe ilikuwa kuvu. Kwa hiyo ugali wa bibi haukumshibisha tu kupita kiasi, bali uligeuka sumu.

Na kwa nini nusu ya maji mapya ikamzidishia? Hapa nilishangaa sana. Maji yaliyokaa muda mrefu na uchafu huwa machachu, kama maziwa yalivyo. Katika maji machachu sehemu kubwa ya amonia hukaa katika hali isiyouma sana, na samaki hudhoofika lakini huvumilia. Ukimimina maji mapya yasiyo machachu, sumu ile iliyobaki hugeuka mara moja kuwa ile kali. Nikiwa nimebakiza nusu ya sumu, nikawa nimeiamsha. Kama ningaliondoa kidogo kidogo, robo au pungufu kila siku, angaliizoea hali. Na kama ningalimtia katika maji mengi yaliyo salama, sumu iliyobaki ingalikuwa haba, kama nilivyofanya baadaye kwenye beseni. Nusu ndiyo mbaya. Tena dawa ile ya maji ya kunywa ina klorini, ambayo sisi haitudhuru kwa kiasi kile, bali mashavu ya samaki huyaunguza. Maji ya bomba yenye klorini hayafai kutiwa samaki mpaka yalale usiku na mchana katika chombo kilicho wazi, ili klorini ipande ikaondoke. Ziko namna nyingine za dawa zisizoondoka kwa kulazwa, kwa hiyo ukiwa na kisima safi, tumia kisima.

Asubuhi Chungwa alikuwa hai, wima, ingawa chini kabisa. Rafiki yangu akaniagiza chumvi ya kawaida ya jikoni, kijiko kimoja kidogo cha chai, kilichosawazishwa, kwa kila lita tano. Nikaiyeyusha pembeni katika kikombe, nikaimimina kwa awamu tatu siku ile. Chumvi kidogo humpunguzia samaki mgonjwa kazi ya mwili wake, tena humkinga na sumu nyingine nitakayoitaja hivi punde. Angalieni jambo moja: maji yakikauka chumvi haikauki nayo. Ukibadilisha lita tano, ongeza kijiko kimoja, siyo vinne. Chakula hakupewa kabisa kwa siku tatu. Hili lilinitia wasiwasi kuliko yote, maana kwetu mgonjwa ni wa kulishwa, lakini samaki mwenye damu ya baridi hukaa siku nyingi bila kula asidhurike, na tena samaki wa jamii hii hana tumbo la kuhifadhia chakula kama sisi; kinachoingia hupita moja kwa moja matumboni.

Siku ya tatu bibi akarudi. Akamtazama samaki katika beseni, akasema, "Amekonda." Kisha akafungua pindo la kanga akanipa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Hii aliniachia mtoto. Niliificha ndani ya sanduku isipotee. Macho yangu hayasomi tena, na nilidhani ni barua ya kawaida."

Nikaisoma kwa sauti. Ilikuwa ya daftari, mwandiko wa shule, mistari minne: Chakula kidogo sana mara moja kwa siku. Maji yawe ya kisima na yalale usiku mmoja. Toa jagi moja kila Jumamosi, tia jagi moja. Asiwekwe juani, Baba alisema.

Tukakaa kimya sote wawili. Mimi na chuo changu, na simu yangu, na rafiki yangu wa bayolojia, tulikuwa tumezunguka siku tatu kufika pale kwenye mistari minne ya fundi wa magari. Bibi akaniomba niisome tena ule mstari wa mwisho. Nikausoma. Akasema, "Nilimweka dirishani apate mwanga."

Jua nalo lina neno lake. Maji yakipata moto hushika hewa pungufu. Maji ya baridi ya kiasi, ya nyuzi 20, hushika karibu miligramu 9 za oksijeni katika lita moja. Yakifika nyuzi 30 hushika saba na nusu tu. Mwili wa samaki katika joto unataka hewa zaidi, na maji yanampa pungufu. Tena chupa ya duara yenye mdomo mwembamba ina sehemu ndogo ya kugusana na hewa. Chupa zile ni nzuri machoni pa mwenye nyumba, basi. Mimi ningaliwakataza watu kuzinunua, ila hakuna aliyeniuliza.

Siku ya nne akafungua mapezi. Sikuamini. Nikamwita mke wangu, naye akasema kweli ameyafungua, na tangu hapo hakuuliza tena habari za akili yangu. Kila asubuhi nilitoa lita nne za beseni kwa kikombe, toka chini penye uchafu, nikatia lita nne zilizolala. Juma la pili ile pamba ikaanza kunyofoka vipande vipande. Hakupakwa dawa yoyote. Rafiki yangu alinikumbusha kila nilipopiga simu: tibu maji, samaki atajitibu.

Ndipo nikatafuta makao yake ya kudumu. Tulikuwa na pipa la plastiki la lita 200 lililokuwa la mafuta ya kula. Nikalipasua kwa urefu, nikapata kama mtumbwi wa lita 100 hivi, mpana juu. Pipa lililowahi kubeba dawa za pamba au mafuta ya gari halifai, hata ulioshe mwaka mzima. Letu nililisugua kwa majivu na maji ya moto, nikalisuuza mara nyingi, bila sabuni, nikaliweka barazani kivulini, nikatandika changarawe zilizooshwa, na juu nikafunika wavu wa waya, kwa ajili ya paka wa Padre, na kwa ajili ya mdiria ambaye alikwisha kuanza kukaa juu ya waya wa kuanikia nguo na kutazama chini kwa heshima nyingi.

Kulikuwa na jiwe moja ndani ya ile chupa ya zamani, lenye utelezi. Kijana wa jikoni alikwisha kulichukua alisugue kwa steelwire. Nikampokonya. Utelezi ule ni nyumba ya bakteria wa faida. Wako wa namna mbili. Wa kwanza hula amonia wakaigeuza nitriti, nayo ni sumu bado, maana huizuia damu ya samaki isibebe hewa. Hiyo ndiyo sumu niliyosema chumvi humkinga nayo. Wa pili huila nitriti wakaigeuza nitrati, ambayo haidhuru sana na ndiyo chakula cha mimea. Katika chombo kipya bakteria hao hawapo wa kutosha. Huchukua majuma manne mpaka sita kuzaliana. Watu wengi huosha chombo mpaka king'ae, samaki akafa, wakasema samaki hawa ni dhaifu. Jiwe lenye utelezi likihamishwa, wahamiaji nao huhamia. Nilipokwisha kuacha chumvi, maji niliyoyatoa niliyamwagia mchicha wa jikoni, na mchicha ule mmeuona ninyi mliokuja kwenye semina ya makatekista.

Chakula nacho kikabadilika. Punje ya njegere iliyochemshwa, ukaimenya ganda, ukaikata vipande vidogo kama kichwa cha kiberiti: hicho humsafisha samaki aliyevimbiwa. Jani laini la mchicha lililochovywa maji ya moto. Na zaidi ya yote viluwiluwi vya mbu, ambavyo watoto waliviokota kwenye makopo nyuma ya nyumba zao. Kila mmoja aliyeleta viluwiluwi nilimwagiza akarudi akamwage maji ya kopo lile. Kipimo ni hiki: kile atakachomaliza kwa dakika mbili. Kinachobaki kitolewe.

Mtu mmoja wa Halmashauri yetu, mwenye nia njema, alinishauri nimtupe katika lambo la ng'ombe, akakue huko, mambo yaishe. Nilimkatalia, naye akaniona mbishi. Lakini sisi watu wa ziwa hili hatuna haki ya kusahau. Sangara hakuwa wa Ziwa Viktoria. Aliletwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, kwa nia njema pia, na kufikia miaka ya 1980 furu wetu, wale samaki wadogo wanaobeba mayai kinywani, walikwisha kupungua vibaya, aina nyingi zikatoweka kabisa. Sangara amejenga nyumba nyingi huku, sikatai, na amesomesha watoto. Ila lambo letu hufurika masika, na kijito chake kinaelekea ziwani. Samaki wa dhahabu, akiachwa katika maji ya wazi, hukua, huchimbua matope, hula mayai ya wenzake. Nchi nyingine zinahangaika naye hivi sasa, Australia mojawapo. Mgeni anyweshwe nyumbani.

Kwao ni China. Wachina waliwafuga samaki wa rangi ya majivu katika vidimbwi, na kila alipozaliwa mwekundu wakamtenga na kumzalisha. Kazi hiyo ina miaka 1,000 na zaidi. Ulaya walifika katika karne ya 17. Watoto wa hapa waliniuliza ataishi miaka mingapi, nikasema labda mitano. Nilikosea. Akitunzwa hupita 10, hata 20, na Uingereza alikuwapo mmoja jina lake Tish, aliyeshindaniwa katika maonyesho mwaka 1956, akafa mwaka 1999 akiwa na miaka 43. Nilipomwambia bibi habari hiyo akashika kichwa. "Atanizika," akasema.

Mkia uliota tena. Haukuota sawasawa, upande wa chini una pengo kama kitambaa kilichong'atwa na panya. Rangi ilirudi, siyo yote. Mwanzo wa Juni bibi alikuja akamtazama muda mrefu, nikajua anafikiri nini. Akaniuliza kama mtoto ataona lile pengo. Nikasema ataona. Akauliza tutamwambia nini. Nikajibu kwamba kama anataka, nitasema mimi kwamba samaki aliugua tu, kama viumbe wote wanavyougua, na huo hautakuwa uongo mkubwa. Hakunijibu.

Kijana akaja Jumamosi, bado na sare ya shule na sanduku la bati kichwani, maana alipitia kwetu kabla ya kwenda nyumbani. Bibi alikuwa amefika tangu saa mbili asubuhi. Mimi nilijitayarisha na maneno yangu. Lakini kabla sijafungua kinywa, yeye akasimama, akamwambia mjukuu wake waziwazi mbele yangu na mbele ya kijana wa jikoni: "Mimi nilimlisha ugali. Na karatasi yako sikuisoma, niliifungia sandukuni. Alikuwa anakufa. Mwalimu ndiye aliyemponya." Nikasema nami nilimtia maji ya dawa, karibu nimuue mara ya pili. Ikawa kama tunashindana.

Kijana hakusema kitu. Aliweka sanduku chini, akaondoa wavu, akachovya kidole majini akakiacha kimetulia. Chungwa akaja polepole kutoka upande wa jiwe, akakigusa kidole kwa mdomo. Wapo wanaosema samaki hawa husahau kila kitu baada ya sekunde tatu. Si kweli, wamepimwa, hukumbuka kwa miezi. Kijana akainama hata paji la uso likakaribia maji, akakaa hivyo. Bibi alikuwa amejishika mikono kifuani.

Kisha akaomba karatasi yake. Nikamletea, na kalamu ya ofisi. Akaandika mstari wa tano, akaurudishia bibi, naye bibi akanipa mimi nimsomee: Asipewe ugali, hata akiomba.

Bibi akacheka mpaka akakaa chini barazani. Karatasi nimeibandika ukutani juu ya pipa, nimeifunika nailoni kwa ajili ya mvua. Shule zimefunguliwa, samaki amebaki kwetu kwa mapatano ya wote watatu, na kila Jumamosi bibi huja na kidumu cha lita tatu cha maji ya kisima yaliyolala, ingawa nimemwambia mara nyingi asijisumbue na magoti yale.

Habari za kuku, juma lijalo.